Nani Anaibeba Nairobi Half Life?

Hoja iliyo mezani ni hii: Nairobi Half Life ni filamu ya mtu mmoja. Mtoe Joseph Wairimu, na kitakachobaki ni hadithi ya majambazi tuliyoizoea: kijana wa mashambani, jiji, bunduki, polisi, maiti.

Inafaa hoja hii ijadiliwe Eastlands kabla ya kwingine, kwa kuwa ujambazi unaosimuliwa humo ndio mitaa hii imekuwa ikinyooshewa kidole kwa ajili yake miaka nenda miaka rudi. Nimeiweka mbele ya sauti tatu. Wa kwanza ni mwalimu wa Buruburu anayewaandaa wanafunzi kwa tamasha za shule za michezo ya kuigiza. Wa pili ni fundi wa magari wa Kariobangi Light Industries. Wa tatu ni mama aliyelea watoto wake Dandora. Watatu hao nimewabuni mimi. Filamu wanayoizungumzia na mambo ya jiji wanayoyataja si ya kubuni.

Kwa ambaye hajaiona: filamu ilitoka mwaka 2012, mwongozaji akiwa David "Tosh" Gitonga, aliyekuwa mwongozaji msaidizi katika The First Grader. Iliandaliwa na One Fine Day Films, kampuni ya Tom Tykwer na Marie Steinmann wa Ujerumani, pamoja na Ginger Ink ya Nairobi. Mwas, kijana anayeigizwa na Wairimu, anauza filamu za Marekani huko kwao na ndoto yake ni kuigiza. Msanii mmoja wa kikundi kilichotoka Nairobi anamwambia nafasi inagharimu shilingi 1,000. Mwas ana 500. Anazitoa, na zilizobaki anaambiwa azipeleke National Theatre. Binamu yake, mkubwa wa genge, anampa redio ya gari na shilingi 10,000 azifikishe mjini. Siku ileile ya kwanza anaporwa kila kitu, anakamatwa, anatupwa seli. Humo anakutana na Oti, na kuanzia hapo maisha yake yanagawanyika mara mbili: huku mazoezi ya mchezo wa jukwaani na Phoenix Players, kule genge la Oti linaloiba vipuri vya magari na baadaye magari yenyewe.

MWALIMU: Naiunga mkono hoja, na naanza na lililo wazi. Julai 2012, katika tamasha la kimataifa la filamu la Durban, Wairimu alipewa tuzo ya mwigizaji bora wa kiume. Hakuwa nyota aliyejulikana barani. Mwaka huohuo filamu ikawa ya kwanza kuwahi kupelekwa na Kenya kuwania Oscar ya filamu ya lugha ya kigeni. Lakini tuzo ni uamuzi wa majaji. Mimi nitawaambia ninachokiona kama mtu anayefundisha kazi hii.

Mwas anaigiza tangu tunapokutana naye. Anauza filamu kwa kuzicheza: anaichukua 300, anasimama mbele ya wateja wake, na peke yake anakuwa mfalme na anakuwa jeshi. Yeyote aliyewahi kukaa kwenye kibanda cha video akimsikiliza DJ Afro akiisimulia filamu ya ng'ambo kwa lugha ya mtaani anaijua kazi hiyo. Kisha anafika Nairobi, na mbele ya Oti kijana huyu muoga analazimika kuigiza ujambazi. Kisha anapanda jukwaani, na sasa mwizi wa kweli anaigiza mwizi wa mchezo. Hebu fikirieni mtihani huo. Wairimu anaigiza mtu anayeigiza, na kila hatua anatakiwa atuonyeshe yule kijana wa mwanzo aliyejificha ndani. Sauti inabadilika, mabega yanabadilika, mwendo unabadilika, lakini macho yanabaki yaleyale. Kuigiza ukatili si kazi ngumu. Vijana wangu wanauweza ndani ya wiki moja. Kazi ni kumwigiza mtu anayejifunza ukatili polepole mbele yetu, na sisi tushindwe kumchukia.

FUNDI: Mwalimu, heshima yako, lakini mimi napinga. Kidole kimoja hakivunji chawa. Unamsifu Mwas kwa kujifunza. Alijifunza kwa nani? Kwa Oti. Olwenya Maina, aliyeigiza Oti, Mungu amrehemu, alitutoka mwaka 2021, na nasikitika kwamba wengi walianza kumtaja kwa jina lake baada ya kusikia habari za msiba. Mtazameni tena mtu huyo. Hapazi sauti. Anaongea kama mtu aliyeshaona mwisho wake na kuuzoea. Anapomkubali Mwas kundini, tunamwamini Mwas kwa sababu Oti amemwamini. Ukimwondoa Oti, Mwas ni mgeni aliyepotea njia River Road.

Halafu kuna kazi yenyewe. Mimi nashinda na magari. Naijua biashara ya kioo cha pembeni kinachong'olewa jamu ikisimama, na taa ya nyuma inayopotea mchana kweupe. Mwenye gari anatafuta kipuri, anazungushwa Kirinyaga Road, ambayo wengi bado tunaiita Grogan, na wakati mwingine analipia kitu chake mwenyewe. Filamu imeupata mlolongo huo sawasawa: kuna anayeng'oa, kuna anayenunua kwa anayeng'oa, kuna mwenye duka, na kuna karao anayepita kuchukua lake. Hayo hayakutoka kwenye uso wa Wairimu. Yaliandikwa. Waandishi walikuwa wanne: Serah Mwihaki, Charles Matathia, Samuel Munene na Billy Kahora. Na Sheng' ile si ya mtu aliyefunzwa jana. Wahusika wanaruka kutoka Kiswahili kwenda Kikuyu kwenda Sheng' jinsi watu wanavyoruka ndani ya matatu ya Umoja. Filamu imebebwa na mji. Wairimu alipandishwa juu, ndiyo maana tunamwona yeye.

MWALIMU: Fundi, umenisaidia bila kutaka. Unasema tunamwamini Mwas kwa sababu Oti amemwamini. Sawa. Lakini tunamwona Oti kupitia kwa nani? Wairimu ana kipaji ambacho ni adimu kwa waigizaji vijana: anajua kunyamaza na kupokea. Mwenzake akisema, yeye hangojei zamu yake ya kusema. Anasikiliza, na kusikiliza kwake kunaonekana. Sababu ya wewe kuuona uzito wa Olwenya Maina ni kwamba kuna mtu mbele yake anayeupokea uzito huo. Mwigizaji anayebeba filamu si lazima awe anayewafunika wenzake. Anaweza kuwa yule ambaye bila yeye wenzake hawasikiki.

Na hadithi yenyewe si ngeni duniani. Mwaka 1972 huko Jamaika, Perry Henzell alitoa The Harder They Come. Jimmy Cliff ni Ivan, kijana wa mashambani anayeingia Kingston akitaka kuwa mwimbaji, anadhulumiwa kila anakogeuka, anaishia na bunduki mkononi. Kijana wa shamba, sanaa, jiji linalomla: ni njia ileile. Mwaka 2005 Afrika Kusini ilitoa Tsotsi, na bila Presley Chweneyagae, ambaye anasema kidogo sana na kuacha uso useme, filamu ile isingefika kwenye Oscar iliyoishinda. Mifupa ya hadithi hizi inafanana. Kinachozitofautisha ni mtu aliyepewa kuzivaa.

FUNDI: Hapo ndipo wasiwasi wangu ulipo, Mwalimu. Mtu akiivaa vizuri mno, watu wanaitamani nguo. Mimi nimeona vijana wakimtazama Tony Montana wa Scarface kama mjomba aliyefanikiwa. Al Pacino aliigiza mtu anayejiharibu mpaka kufa, na picha yake ikaishia kwenye ubavu wa matatu na kwenye fulana. Filamu ya majambazi inamhitaji mwigizaji mwenye mvuto, na mvuto huo ndio unaomfanya mtoto wa miaka kumi na minne pale Kayole aone njia ya mkato. Ukiniambia filamu hii inasimama kwa sababu ya mvuto wa mtu mmoja, umenipa sababu ya kuiogopa.

MWALIMU: Hofu hiyo ni ya tangu zamani. Mwaka 1931 James Cagney aliigiza The Public Enemy, na studio ikaona iweke maandishi kwenye filamu kuwahakikishia watazamaji kwamba haimtukuzi jambazi. Maandishi hayakumpunguza Cagney hata kidogo. Watu walimpenda tu. Ila mtazame Mwas kwa makini. Montana anataka dunia nzima. Mwas anataka jukwaa. Kila anapoingia kwenye wizi anaogopa, na Wairimu haiachi hofu hiyo imtoke hata siku genge lina pesa. Hakuna tukio ambalo anatuuzia bunduki kama kitu kizuri. Kuna lile la seli, anapolazimishwa kusafisha choo ambacho hakuna binadamu angekigusa. Hakuna mtoto atakayeliangalia hilo akatamani kuwa yeye. Mvuto wake uko kwenye aibu anayoivumilia.

MAMA: Nimewasikia, wanangu, na nyote wawili mmesema mambo ya maana. Lakini mnabishana juu ya nani aliibeba filamu, na mimi nataka kuuliza ni akina nani iliowaacha chini. Mwas amepona. Oti na wenzake wameuawa. Polisi waliokuwa wakila nao ndio waliowamaliza. Mwas akatoka pale na damu usoni, akafika kwenye ukumbi, akapanda jukwaani, akapigiwa makofi. Nilipoitazama mara ya kwanza nami nilipiga makofi. Baadaye nikajiuliza: kwa nini yeye? Kwa sababu ana kipaji. Filamu imemwokoa kwa kuwa anajua kuigiza.

Hapa Dandora tumezika vijana ambao hawakujua kuigiza. Hawakuimba kama Kalamashaka, hawakucheza mpira wa kuonwa na mtu. Walikuwa vijana tu. Wengine waliiba, wengine hawakuiba. Walipopigwa risasi, taarifa ilisema majambazi wameuawa, basi, habari ikaisha. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Mwaka 2009 Umoja wa Mataifa ulimleta Profesa Philip Alston, akachunguza, akaandika kwamba polisi wa Kenya wanaua bila kuhukumiwa. Kabla mwezi wa tatu wa mwaka huo haujafika mbali, Oscar Kamau King'ara na John Paul Oulu wa Oscar Foundation, waliokuwa wakikusanya habari za mauaji hayo, waliuawa kwa risasi ndani ya gari lao hapahapa Nairobi. Filamu ilitoka miaka mitatu baadaye, na mwaka huohuo wa 2012 mamlaka ya kusimamia polisi, IPOA, ikaanza kazi. Machi 2017 nchi nzima iliona video ya Eastleigh, vijana wawili wakipigwa risasi na askari aliyevaa nguo za raia, mchana, watu wakitazama. Mwaka huo pia Mathare Social Justice Centre ikatoa ripoti ya mamia ya mauaji kama hayo. Sasa niambieni: katika wale wote, nani alikuwa Mwas? Na kama hapakuwa na Mwas hata mmoja, tusiwalilie?

FUNDI: Mama, hilo sina la kulijibu. Naongeza tu kwamba filamu haikudanganya kuhusu hao maafisa. Wanachukua mgao, na siku mgao unapoleta aibu, wanafuta ushahidi. Mtaani kila mtu anajua jambazi anayeishi muda mrefu ni yule anayelipa. Filamu ilisema hivyo waziwazi, kwenye kumbi za sinema za Nairobi, na ilihitaji ujasiri.

MWALIMU: Mama, swali lako ni zito, na silikimbii. Lakini fikiria aliyeketi kwenye sinema ya mjini mwaka 2012. Eastlands aliifahamu kwa taarifa ya habari ya jioni: miili barabarani, bastola ya kujitengenezea imewekwa kando, msemaji wa polisi. Mtu huyo hakuja kumlilia Oti. Ungempa filamu inayoanza na Oti, angeshikilia mkoba wake mpaka mwisho. Alihitaji mtu wa kumwingiza, na mtu huyo ni Wairimu. Kwanza anakuchekesha, halafu anakutia huruma, halafu unagundua umekaa na genge kwa saa moja na unawajua kwa majina. Wanapouawa, wewe unayewatazama umepoteza watu uliowajua.

MAMA: Umesema vizuri, Mwalimu, lakini umeniambia kwamba maskini anahitaji mdhamini ili alie na tajiri amsikie. Huenda ni kweli. Sipendi tu tuuite ushindi. Na kuna mwingine mliyempita bila kumtaja: Amina. Nancy Wanjiku Karanja alimwigiza msichana anayeuza mwili wake na ambaye wanaume wawili wanampenda. Yeye ndiye aliyekwenda kumtazama Mwas kwenye jukwaa lake. Alikuwa na macho ya kuona sanaa. Lakini filamu haikumuuliza yeye alitaka kuwa nani. Hadithi ikibebwa na mwanamume mmoja, wanawake wanakuwa vituo anavyopitia.

MWALIMU: Hapo nakubali, na si kwa shingo upande. Ni kasoro ya filamu, na ni kasoro ya aina hii ya filamu tangu enzi za Cagney. Nancy Wanjiku Karanja alifanya mengi kwa nafasi ndogo. Angepewa zaidi, tungekuwa tunajadili waigizaji wawili leo.

FUNDI: Nami nikubali kidogo. Nilisema Wairimu alipandishwa tu juu ya kazi ya wengine. Si hivyo. Mji uliandikwa na wanne, Oti alimpa uzito, lakini kuna jambo moja ambalo hakuna mwandishi angemfanyia: mwisho ule. Amefika jukwaani na uso umevimba, wenzake wamekufa, na hadhira ya mchezo inadhani majeraha ni rangi ya maigizo. Anawageukia waliokaa kwenye viti. Maneno yameandikwa, ndiyo, lakini pale hatuwezi tena kujua kama ni Mwas anaigiza au Mwas analia. Akikosea kidogo, akizidisha kidogo, filamu nzima inaanguka na kuwa mahubiri. Hakukosea.

MAMA: Na mimi nitasema hili kisha ninyamaze. Pale mwisho anawauliza waliokuja kustareheshwa kama wanaona au wanaamua kutoona. Kama aliwauliza kwa ajili ya Oti, basi namsamehe kuwa hai.

Sasa ni zamu yangu kama mwandishi kutoa uamuzi, na sitajificha nyuma ya sauti nilizoziita mwenyewe.

Naukubali mwanzo wa hoja, naukataa mwisho wake. Nairobi Half Life inasimama juu ya Joseph Wairimu, na kila tuzo aliyoipata aliistahili. Lakini ukimtoa, hapabaki patupu. Anabaki Oti wa Olwenya Maina, inabaki Grogan, inabaki Sheng' iliyoandikwa na watu wanaoijua, na wanabaki polisi ambao Alston alikwisha kuandika habari zao. Kosa la hoja ni kudhani kwamba mwigizaji mkuu hodari huificha hadithi iliyo nyuma yake. Wairimu alifanya kinyume. Mwalimu alilishika jambo hili alipozungumzia kusikiliza: kipaji cha kijana huyu kilikuwa kuwafanya wengine waonekane.

Ila Mama ndiye aliyelifikisha jambo mahali panapostahili. Kwa miaka mingi Kenya imeupenda mfano wa kijana mmoja aliyetoka mtaani: mwanamuziki wa Dandora, mchezaji wa Mathare, mwigizaji wa Nairobi Half Life. Tunamshangilia, na kushangilia huko kunatupa ruhusa ya kuwasahau waliobaki. Tunasema: kumbe inawezekana, basi wasioweza ni wavivu. Filamu hii ingeweza kutumika kwa uongo huo, na kuna watazamaji walioitumia hivyo. Mwas hawaruhusu. Anafika jukwaani kwa njia iliyojaa maiti, na anakataa tusherehekee bila kuwahesabu.

Ndiyo maana nawaomba wanaoandika na kuongoza filamu za Nairobi sasa wasitafute Mwas mwingine. Kazi hiyo imefanywa mara moja, na imefanywa vizuri. Kinachodaiwa leo ni filamu ya Amina, na filamu ya mama wa Oti anayezunguka kutoka kituo cha polisi hadi mochari ya City akiulizia mwanawe. Filamu hizo nazo zitahitaji waigizaji hodari kama Wairimu, na Eastlands inao. Aliyeuawa bila kufikishwa mahakamani ana haki ya kuombolezewa hata kama hakuwa na kipaji chochote, na sinema yetu itakuwa imekomaa siku itakapotufanya tumlilie mtu kama huyo bila kutuonyesha kwanza kwamba alijua kuigiza.